Uhalifu Una Mahali Pake: Alama za Simu na Kompyuta Zinavyowafumbua Macho Walinzi wa Usalama

Katika kila kituo cha polisi hukaa kitabu kikubwa cha matukio. Humo huandikwa siku, saa, jina la mlalamikaji na kisa kilichomleta. Kwa vizazi vingi kitabu hicho ndicho kilichokuwa jicho la serikali juu ya uhalifu. Lililoandikwa humo lilihesabiwa kuwa limetokea, na lisiloandikwa lilihesabiwa kuwa halikuwapo. Lakini askari mzoefu anajua, na mkewe aliyebaki nyumbani pengine anajua zaidi, kwamba mambo mengi hayafiki mezani pa askari wa zamu. Mama aliyepigwa hunyamaza kwa ajili ya watoto wake. Kijana aliyenyang'anywa simu huona nauli ya kwenda kituoni ni kubwa kuliko tumaini la kuipata simu yake. Mtu aliyekatwa kwa chupa kilabuni huenda hospitali, akashonwa, kisha akarudi nyumbani bila kumwambia mtu.

Siku hizi mambo hayo yaliyonyamaziwa yameanza kuacha alama mahali pengine. Kompyuta ya hospitali huandika jeraha. Mnara wa simu huhesabu watu waliopita sokoni. Ujumbe mfupi huruka kutoka kwa msichana aliyesumbuliwa njiani. Wataalamu wanaochunguza uhalifu wameanza kuzikusanya alama hizo na kuziweka juu ya ramani, na wamejifunza mengi yenye manufaa kwa askari na kwa raia. Hata hivyo, kila alama, hata itoke katika mashine ya gharama kubwa namna gani, hapana budi iulizwe swali moja kabla ya kuaminiwa: ni nani aliyeiacha, na ni nani asiyeweza kuiacha?

RAMANI ZA KWANZA

Fikra ya kuuchora uhalifu katika ramani si ngeni. Serikali ya Ufaransa ilianza kukusanya hesabu za mashauri ya jinai ya nchi nzima kuanzia mwaka 1825. Mwaka 1829 mwanasheria André-Michel Guerry, akishirikiana na mtaalamu wa jiografia Adriano Balbi, alichapisha ramani zilizolinganisha uhalifu na elimu. Mwaka 1833 Guerry alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Wengi wa zama zile waliamini kwamba mahali penye shule chache na ufukara mwingi ndipo penye wezi wengi. Ramani zilisema vingine. Makosa ya kuiba mali yalikuwa mengi zaidi upande wa kaskazini, penye utajiri na elimu, na makosa ya kuumiza watu yalikuwa mengi zaidi kusini. Hilo lilikuwa somo la kwanza: imani ya watu juu ya mahali inaweza kuwa mbali na ukweli wa mahali hapo.

Ramani za Guerry zilitazama mikoa mizima. Ilichukua zaidi ya miaka 150 na ujio wa kompyuta kabla ya wataalamu kuweza kutazama nyumba moja moja. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika mji wa Minneapolis, Marekani. Walikuwa wamechukua simu zote zilizopigwa kuomba msaada wa polisi kwa muda wa mwaka mmoja, takribani 324,000, na kuiweka kila moja katika anwani ilikotokea. Walikuta kwamba nusu ya simu zote zilitoka katika asilimia 3 tu ya anwani za mji ule. Katika mji wa Seattle, David Weisburd na wenzake walifuatilia matukio ya miaka 14, kuanzia 1989 hadi 2002, wakakuta kwamba kila mwaka nusu ya matukio yote yalitokea katika vipande vya barabara vilivyokuwa kati ya asilimia 4 na 5 ya vipande vyote.

Ndugu msomaji, tuyatafakari maneno hayo. Mara ngapi tumesikia ikisemwa kwamba mtaa fulani ni wa wahuni, au kwamba kata fulani ni pango la wezi? Hesabu zinaonyesha kwamba hata ndani ya mtaa wenye sifa mbaya, barabara nyingi hulala salama, na shari hujikusanya katika pembe chache: mlango wa baa moja, kichochoro kimoja nyuma ya kituo cha mabasi, uwanja mmoja usio na taa. Aliyeuhukumu mtaa mzima amewadhulumu mamia ya watu waaminifu kwa ajili ya kona mbili.

Ujuzi huo ulibadilisha kazi ya doria. Mwaka 1995 Christopher Koper, akitumia kumbukumbu za Minneapolis, alionyesha kwamba askari akisimama mahali penye matatizo kwa dakika kati ya 10 na 16, utulivu hudumu baada ya yeye kuondoka kwa muda mrefu kuliko akipita tu kwa gari. Akikaa zaidi ya hapo faida haiongezeki tena. Kwa hiyo askari wachache wanaozunguka kutoka pembe moja hadi nyingine wanaweza kufanya kazi ya wengi.

Huenda msomaji akauliza: je, wahalifu hawatahamia barabara ya pili? Swali hilo lilipimwa katika mji wa Jersey City, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Shari haikumwagika tu kwa majirani, bali mara nyingi hata barabara za jirani zilipata nafuu. Mahali pabaya pana sababu zake, kama vile giza, wateja, njia ya kukimbilia na kukosekana kwa mwenyeji wa kukemea. Sababu hizo hazibebeki mfukoni na mwizi anapohama.

DAFTARI LA HOSPITALI

Lakini ramani zote hizo zilitegemea jambo moja, yaani kwamba mtu amewaita polisi. Itakuwaje asipoita? Jibu lilitoka kwa mtu ambaye si askari wala mwanasheria. Jonathan Shepherd, daktari mpasuaji wa uso na taya katika mji wa Cardiff, nchini Wales, alikuwa akishona nyuso zilizopasuliwa kwa ngumi na bilauri zilizovunjwa. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya majeruhi wa ugomvi waliofika hospitali hawakuwa katika kumbukumbu za polisi kabisa. Wengine walimwogopa aliyewapiga, wengine hawakumjua, na wengine hawakutaka mwenendo wao wenyewe uchunguzwe.

Alilofanya halikuhitaji mtambo mpya. Wapokeaji wa wagonjwa katika idara ya dharura walifundishwa kumwuliza majeruhi maswali machache na kuyaingiza majibu katika kompyuta: ulipigiwa wapi hasa, siku gani, saa ngapi, na kwa silaha gani? Kisha majina na kila kitu cha kumtambulisha mgonjwa viliondolewa, na habari zilizobaki zikapelekwa kwa polisi na wakuu wa mji ili ziunganishwe na zile za vituo. Pembe ambazo kitabu cha polisi hakikuzijua zikaonekana.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kawaida. Njia za doria zilibadilishwa. Askari walitolewa pembezoni na kuletwa katikati ya mji saa za kufunga baa. Baa zilizozalisha majeruhi wengi zilifuatiliwa, na matumizi ya bilauri za plastiki au za kioo kigumu yakahimizwa. Barabara yenye msongamano wa walevi iliachiwa waendao kwa miguu. Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza, yakiulinganisha mji huo na miji 14 iliyofanana nao kati ya mwaka 2000 na 2007. Katika Cardiff, watu waliolazwa hospitali kwa sababu ya kupigwa walipungua kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila wakazi 100,000. Katika miji mingine waliongezeka kutoka 5 hadi 8.

Kuna jambo moja katika hesabu hizo ambalo kila mkuu wa kituo yafaa alikumbuke. Wakati majeraha makubwa yakipungua, mapigano madogo madogo yaliyoandikwa na polisi wa Cardiff yaliongezeka kutoka 15 hadi 20 kwa mwezi katika kila wakazi 100,000. Mtu aliyetazama kitabu cha kituo peke yake angeweza kusema kwamba hali imeharibika. Wachunguzi walieleza kwamba yamkini askari walikuwa wanafika mapema zaidi na kuuzima ugomvi ungali wa makofi, kabla haujawa wa visu. Kitabu kikijaa, si lazima iwe dalili ya shari. Huenda ikawa dalili ya askari aliyeamka.

WATU WANGAPI HUPITA HAPA?

Chanzo kingine kipya ni simu ya mkononi. Faida yake kubwa kwa mtafiti haimo katika mazungumzo ya mtu, ambayo hayamhusu, bali katika hesabu ya watu walioko mahali fulani kwa saa fulani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna mtaa wa makazi wenye watu 5,000, na humo hutokea wizi wa mfukoni mara 20 kwa mwezi. Pembeni yake kuna soko. Wanaolala sokoni ni walinzi na wachuuzi wachache, tuseme watu 200, na wizi wa mfukoni humo ni mara 40. Ukigawanya wizi kwa wakazi, mtaa una matukio 4 kwa kila watu 1,000, na soko lina 200. Utaogopa kumtuma mtoto sokoni. Lakini iwapo watu 50,000 hupita sokoni kila mwezi, basi sokoni kuna tukio lisilotimia 1 kwa kila wapitaji 1,000. Hatari ya mpitaji mmoja ni ndogo sana, ingawa soko bado linahitaji askari kwa sababu ya wingi wa matukio. Sensa humhesabu mtu kitandani pake, lakini mwizi wa mfukoni humfuata mtu aendako mchana.

Watafiti wameujaribu ukweli huo. Katika mji wa Leeds, Uingereza, Nick Malleson na Martin Andresen walitumia jumbe zilizotumwa na watu katika mtandao wa Twitter, zikiwa na alama ya mahali, kukisia ni watu wangapi walikuwa wapi. Katika matokeo yao ya mwaka 2015, ramani ya makosa ya kuumiza watu ilibadilika sura. Katikati ya mji, palipoonekana pabaya kuliko pote kwa hesabu ya wakazi, palipungua uzito, na sehemu nyingine zikajitokeza. Huko London, kundi la watafiti lilitumia hesabu za jumla za watumiaji wa simu, zisizo na majina, pamoja na habari za makosa. Mwaka 2014 walitangaza kwamba waliweza kubashiri kwa usahihi wa takribani asilimia 70 ni eneo lipi lingekuwa na makosa mengi katika mwezi uliofuata.

Asilimia 70 si jambo dogo, lakini askari asisahau zile 30 zilizobaki. Katika kila ubashiri 10, takribani 3 zilikosea. Ubashiri wa namna hiyo unatosha kupanga njia ya doria. Hautoshi hata kidogo kumkamata mtu.

USHAHIDI WA WANANCHI

Afrika ya Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hii, na sehemu hiyo ina jina la Kiswahili. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, ghasia zilizuka na watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha. Mapema Januari 2008, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, pamoja na wenzao, waliunda ramani katika intaneti na kuiita Ushahidi. Mwananchi aliyeona nyumba ikichomwa au barabara ikifungwa aliweza kutuma habari kwa simu ya mkononi au kwa kompyuta, na tukio likaonekana mahali pake katika ramani. Programu hiyo baadaye ilitumika katika nchi nyingi, ikiwa ni pamoja na Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010.

Mwishoni mwa mwaka 2010 wanawake na wenzao mjini Cairo, Misri, walianzisha ramani iitwayo HarassMap, iliyotumia programu hiyo ya Ushahidi. Humo msichana aliyeguswa kwa nguvu ndani ya basi au kutukanwa njiani aliweza kutoa habari bila kutaja jina lake. Ni makosa ambayo mara chache hufika kituoni, kwa kuwa anayeyapeleka huogopa kuulizwa alivaa nini na alikwenda wapi. Waanzilishi hawakuishia kuchora nukta. Watu wa kujitolea walikwenda mitaani kuzungumza na wenye maduka na walinzi wa milango, wakiwasihi wasitazame pembeni mwanamke anaposumbuliwa. Ramani ilikuwa njia ya kuyafungua mazungumzo hayo.

Ubora wa habari za namna hii ni kwamba zinaleta sauti zilizokosa mlango. Udhaifu wake nao uko wazi. Mtu anaweza kutuma uvumi, au tukio moja likatumwa na watu kumi, au jirani akamsingizia jirani. Kwa hiyo kila habari yahitaji kuhakikishwa kwa njia ya pili, kama vile askari mpelelezi asivyotosheka na shahidi mmoja. Aidha, asiye na simu hana nukta katika ramani. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara wanawake wanaotumia intaneti ya simu bado ni wachache kuliko wanaume. Kijiji kisicho na mtandao kitaonekana cheupe kabisa, na mtazamaji asiyefikiri atadhani ni kijiji cha amani. Weupe wa ramani unaweza kuwa utulivu, na unaweza kuwa kilio kisichosikika.

MASHINE HUJIFUNZA TUNALOIFUNDISHA

Hatari kubwa zaidi hutokea pale kompyuta inapopewa kitabu cha matukio na kuamriwa ibashiri peke yake. Mwaka 2016 watafiti Kristian Lum na William Isaac walitoa uchunguzi juu ya mji wa Oakland, Marekani. Walichukua kumbukumbu za polisi za makosa ya dawa za kulevya, wakazilinganisha na makadirio ya watumiaji yaliyotokana na uchunguzi wa kitaifa wa afya. Makadirio yalionyesha watumiaji waliotapakaa karibu mji wote. Kumbukumbu za polisi zilikuwa zimerundikana katika mitaa michache ya watu weusi na maskini. Walipozitia kumbukumbu hizo katika programu ya ubashiri, programu iliwaelekeza askari kule kule walikokwisha kwenda. Kwa hesabu hiyo watu weusi wangelengwa takribani mara mbili ya watu weupe.

Yafaa jambo hilo lieleweke vizuri. Mashine haikuwa na chuki, bali ilijifunza palipokuwa na askari, ikadhani imejifunza palipo na kosa. Askari wakipelekwa huko wataona makosa mengi zaidi, watayaandika, na mashine itazidi kuamini. Mtaa mwingine wenye makosa yale yale, ambao hakuna askari anayeufikia, utaendelea kusifiwa. Mwezi Aprili 2020 Polisi wa Los Angeles waliacha kutumia programu ya ubashiri wa aina hiyo. Wao wenyewe walitaja uhaba wa fedha, lakini ilikuwa baada ya miaka ya malalamiko ya wakazi. Mwaka huo huo, mwezi Juni, mji wa Santa Cruz ulipiga marufuku ubashiri huo kwa sheria.

Hapo ndipo linapoonekana jambo lililofanikisha kazi ya Cardiff. Chanzo kimoja kilikaguliwa na chanzo kingine. Hospitali ilikisahihisha kituo, na kituo kikaipa hospitali msaada. Majina yaliondolewa kabla ya habari kutoka mlangoni. Nao polisi wa Uingereza na Wales, walipoanza mwaka 2011 kuonyesha makosa barabara kwa barabara katika intaneti, hawakuweka nukta juu ya nyumba ya aliyetendewa kosa. Nukta husogezwa hadi mahali pa jirani panapokusanya nyumba kadhaa, ili mama aliyeibiwa au kushambuliwa asigeuzwe gumzo la mtaa.

ALAMA TUNAZOZIACHA WENYEWE

Familia za askari zina sababu ya pekee ya kuyajua mambo haya, kwa kuwa alama zile zile zinazomsaidia mtafiti zinaweza kumsaidia adui. Mwezi Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake hupima mwendo wa wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia yenye njia za watumiaji wake. Haikuwa na majina. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha hadharani kwamba katika maeneo ya vita na majangwa, palipotakiwa kuwa giza tupu, mistari ilikuwa inang'aa. Ilikuwa ni njia za askari wa kigeni waliokuwa wakikimbia mazoezi kuzunguka kambi zao, wakiwa na saa za mkono na simu zilizoandika kila hatua. Mwezi Agosti 2018 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwakataza askari wake kutumia huduma za kuonyesha mahali wanapokuwa katika maeneo ya operesheni.

Hakuna askari hata mmoja aliyekusudia kuisaliti kambi. Kila mmoja alitaka tu kujua amekimbia kilomita ngapi. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na nyayo za wengi zikawa ramani.

YAFAAYO NYUMBANI NA KITUONI

Kutokana na hayo yote kuna mambo machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, yafaa wazazi wazitazame simu za nyumbani pamoja na watoto, na kuzima huduma ya mahali katika programu zisizoihitaji. Picha ya baba akiwa kazini, ya gari la kikosi au ya lango la kambi isitumwe mtandaoni. Wala isitangazwe kwamba baba amesafiri na lini atarudi. Mwizi naye husoma.

Pili, kila mwenye simu aandike katika daftari la nyumbani namba ya utambulisho wa simu yake, yenye tarakimu 15, ambayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Simu ikiibwa, namba hiyo ndiyo itakayoitofautisha na nyingine zinazofanana nayo.

Tatu, mtu aliyeumizwa akifika hospitali na kuulizwa ilikuwa wapi na saa ngapi, ajue kwamba maswali hayo yana faida. Akisema ni nje ya baa fulani, saa tano usiku, huenda amemwokoa mtu mwingine wiki ijayo. Nao wauguzi na wapokeaji wakumbuke kwamba mgonjwa husema kweli pale anapohakikishiwa kuwa siri yake itatunzwa.

Nne, ndugu askari anayeandika katika kitabu cha matukio aandike mahali kwa ukamilifu. Maneno kama "mjini" au "sokoni" hayawezi kuwekwa juu ya ramani yoyote. "Kona ya kaskazini ya soko, karibu na choo cha umma, saa moja na nusu jioni" yanaweza kumwonyesha mkuu wa kituo kwamba matukio sita ya mwezi huu yametoka mahali pamoja, na kwamba pengine taa moja itafanya kazi ya doria nzima.

Tano, na hili ni letu sote: tusikubali hesabu yoyote, iwe ya kompyuta au ya kitabu, ituamulie kwamba mtu fulani ni mwovu kwa sababu anaishi mahali fulani. Watu wengi wa mahali pale huteswa na ile kona mbaya kila siku kuliko sisi tunaoisoma gazetini.

Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Ramani bora ya kompyuta humwelekeza askari kwenye kona, lakini hila ya kona ile anaijua mama anayeuza mandazi pale tangu alfajiri. Anajua taa ilivunjika lini, vijana hukusanyika saa ngapi, na ni msichana yupi aliyeacha kupita njia ile. Askari atakayeiangalia ramani asubuhi, kisha akaenda kumwamkia mama yule na kumsikiliza, atakuwa ameyatumia vizuri yote mawili.